Minani wa Mashine na Hataza ya Ngata

Ukisikia mtu wa Ngara anaitwa Minani, huna haja ya kumuuliza kwao amezaliwa wa ngapi. Ni wa nane, jina limeshasema. Na kuzaliwa wa nane katika nyumba yenye beseni moja la kuogea ni kuanza maisha ukiwa kwenye foleni. Minani wa Mugoma alioga maji ya mwisho, akala ukoko, akavaa sare ya shule iliyokwisha kupita katika migongo minne. Wengine wakikulia hivyo huwa wezi au wanasiasa. Yeye akawa mtu wa zamu. Kwake dhambi za dunia zilikuwa kumi na moja: zile za amri kumi, na kuruka foleni.

Basi Mungu, ambaye naye ana utani wake, akampa kazi ya kuendesha mashine ya kusaga pale Mugoma, mahali ambapo mihogo na mahindi ya kata nzima hukutana na kugombana. Minani alifika kidato cha nne, akakosa pa kwenda, akarithi mashine kutoka kwa mjomba wake. Kompyuta mpakato aliinunua kwenye mnada wa shirika moja lililokuwa likifunga ofisi zake katika kambi ya wakimbizi. Herufi M ilikuwa imeng'oka, kwa hiyo mwaka mzima wa kwanza alishindwa kuandika jina lake bila kubonyeza shimo kwa kijiti. Akajifunza kuandika programu kwa video za mtandaoni, bando likiisha anasubiri wiki nyingine. Miaka minne ilipita hivyo, mkewe Adelfina akiwaambia watu kwamba mume wake anasoma, na watu wakidhani anasomea upadri kwa kuchelewa.

Sasa ni lazima nieleze jambo la ngata, maana bila hilo hakuna hadithi. Wanawake wa Mugoma, iwe kisimani au mashineni, hawapangi foleni kwa miguu yao. Nani ana muda huo, na maharage yanangoja palizi? Mwanamke anaacha ngata yake, ile pete ya majani mabichi ya mgomba anayoiweka kichwani kabla ya kujitwika mzigo. Anaipanga kwenye mstari, anakwenda zake. Kila mmoja anaijua ngata ya mwenzake kwa jinsi ilivyofungwa, kama unavyojua mwandiko wa mtu. Ngata ina haki maadamu ni mbichi. Ikikauka, zamu imekufa, na mwenyewe anarudi nyuma bila kelele. Ila ukiwa na jirani mwema, akapita na kuona ngata yako imeanza kusinyaa, ataidondoshea maji kidogo nayo ipate uhai mpaka urudi. Hiyo Mugoma inaitwa kunyunyiza. Neno lenyewe limeshatoka kisimani likaingia kila mahali. Ukimshikia mtu nafasi kwenye benchi la kanisa, umemnyunyizia. Ukimwambia mwalimu kwamba mtoto wa jirani anaumwa, na kumbe umemwona mtoni, umemnyunyizia pia.

Minani alichofanya ni kuihamisha ngata kutoka chini kuiingiza kwenye simu. Unatuma ujumbe wa neno moja, *weka*, hata kwa simu ya kitochi, unapewa nafasi yako mashineni. Baada ya saa mbili ngata yako inakauka. Jirani akijua umekwama, anatuma *nyunyiza* pamoja na namba yako, unaongezewa saa moja. Programu akaiita Ngata. Zahanati wakaiomba kwa ajili ya kliniki ya wajawazito. Kisha Minani akaiweka kwenye ghala la mtandaoni ambako waandishi wa programu huria huweka kazi zao: anayetaka achukue, atumie, atengeneze palipoharibika, sharti tu naye asije akamfungia mwingine. Haikupita muda akaandikiwa na hospitali kubwa ya ng'ambo, wanaipenda Ngata, wameitupa programu ya kulipia waliyokuwa nayo. Minani alimsomea Adelfina ule ujumbe mara tatu, na Adelfina akauliza kama wagonjwa wa huko nao hubeba ndoo.

Mtu mmoja tu Mugoma nzima aliikataa Ngata, naye alikuwa mama mzazi wa Minani. Mama Speciose, mwenye miaka sabini na minne, alikuwa akija na mfuko wake wa muhogo mkavu, anasimama kwa miguu yake mwenyewe juani, saa mbili, kwenye mashine ya mwanawe wa kumzaa.

"Mama, si nikuwekee ngata?" Minani alimwuliza siku ya kwanza.

"Nina miguu."

Na mtu yeyote akilitaja lile neno la kunyunyiza karibu naye, alisonya mpaka punda wa jirani anageuka. Minani aliona ni uzee tu, akaacha.

Barua ilikuja Jumanne, kwa baruapepe, kurasa nne za Kiingereza cha suti na tai. Iliandikwa na mawakili wa kampuni iitwayo Orvelin, yenye wafanyakazi elfu tisa, wauzaji wa ile programu iliyotupwa na ile hospitali. Minani aliisoma na kamusi magotini. Ilisema Orvelin wana haki, iliyosajiliwa kwao tangu mwaka 2013, juu ya mbinu ya kumshikia mtu nafasi kwa kutumia alama, mwenyewe akiwa hayupo. Kwa hiyo Minani amewaibia. Aiondoe Ngata ghalani na atie saini kwamba wazo ni lao, ndani ya siku thelathini, la sivyo watamshtaki huko kwao, aende asiende, na kila aliyeichukua programu yake watamshtaki pia. Mwisho, kwa ukarimu, akishasaini watamruhusu kuitumia Ngata kwenye mashine yake mwenyewe kwa mwaka mmoja bila malipo.

Ni hiyo ruhusa iliyomuuma. Mtu wa mbali, asiyejua hata muhogo unamenywaje, anamruhusu Mugoma kuweka ngata mstarini kwa mwaka mmoja.

Kamusi ilimwambia kwamba haki ya namna hiyo kwa Kiswahili ni hataza. Alimwambia Adelfina, "Nimeshtakiwa kwa hataza." Adelfina akamwambia jirani. Jirani hakulijua neno, akalinyoosha likawa hati. Kufikia saa sita mchana kata nzima ilijua Minani ana mgogoro wa hati ya shamba na Wazungu. Saa nane akafika Bwana Danstan, mtendaji wa kata, na futi kamba begani.

"Minani, unaleta mgogoro wa ardhi bila kupitia ofisini kwangu?"

"Si ardhi, mtendaji."

"Kama si ardhi, mpaka wake uko wapi?"

Minani alijaribu kueleza. Alisema mpaka uko kwenye wazo. Danstan akalitazama wazo hilo, yaani akamtazama Minani kichwani, kisha akaitazama futi kamba yake. Mtu ametoka ofisini kwa pikipiki ya serikali, na sasa hakuna cha kupima.

"Sawa," alisema mwishowe. "Na huko kwenye wazo, nani alikuwa wa kwanza kupanda?"

"Kupanda nini?"

"Chochote. Mgomba, mbuni. Watu wawili wakigombea shamba mimi siulizi nani anapiga kelele. Nauliza nani wa kwanza kupanda, na nani alimwona."

Minani alicheka, na hilo lilikuwa kosa, maana Danstan aliondoka amenuna baada ya kupima kibanda cha mashine kutoka pembe hadi pembe, ili safari isiwe ya bure.

Siku mbili baadaye hakucheka tena. Wenzake wa programu huria walikuwa wamemtafutia wakili wa kujitolea, binti wa Ngara anayefanya kazi Dar es Salaam, jina lake Keza. Wakili Keza alisoma kila kitu, akapiga simu, na maneno yake ya kwanza yalikuwa: "Kaka Minani, swali ni moja tu. Kabla yao, nani alishafanya jambo hili, na nani alimwona?"

Minani akamwomba radhi Bwana Danstan kimoyomoyo.

Keza akamfafanulia. Hataza ya Orvelin ina vifungu tisa. Vinane si tatizo, kwa sababu alama za kushikia zamu zipo dunia nzima, na zenye kuisha muda zipo pia, ushahidi anao. Kifungu cha tisa ndicho mlango wenyewe, na ndicho walichokishikilia: mtu mwingine, asiye mwenye alama, kuihuisha alama kabla haijafa, mwenyewe hayupo na hana habari.

"Kunyunyiza," Minani alisema.

"Hilo hilo. Nipatie karatasi, yenye tarehe ya kabla ya mwaka 2013, inayoonyesha watu wakilifanya."

"Karatasi ya nini? Nitakuletea wanawake arobaini waseme."

"Watasema umewapanga. Karatasi, kaka."

Nani huandika karatasi kwamba amemwagia maji majani ya mgomba? Minani aliuliza shuleni, akauliza kanisani, akauliza zahanati. Akapata picha ya mwaka 2006 ya wanawake wakicheka kando ya kisima, ngata zote ziko vichwani. Siku kumi zikaisha hivyo. Usingizi ulimpungua, na unga wa watu ukaanza kutoka na chenga.

Adelfina aliyaona yote hayo, naye alikuwa na jambo mdomoni muda mrefu.

"Baba Frednand," alimwambia wakiwa shambani wanapalilia, "nikikwambia kitu utakasirika?"

"Inategemea."

"Basi utakasirika. Unajua neno kunyunyiza lilitoka wapi?"

Minani alisema ni neno la mababu.

"La mababu? Ni la mama yako."

Akamweleza. Mwaka 1989, kiangazi kikali, chemchemi ya Mugoma inatoa maji kama pua ya mtoto mwenye mafua. Ngata zimepangwa tangu alfajiri. Jirani yao mmoja, Evarista, anapita na kuona ngata ya Speciose imekauka, anahesabu kwamba sasa zamu ni yake. Anarudi na ndoo, anakuta ngata ileile mbichi, inachuruzika maji. Akampeleka Speciose Baraza la Kata. Enzi hizo hapakuwa na huruma ya kunyunyiziana. Kulikuwa na mbichi na kavu. Baraza likamtia Speciose hatiani kwa udanganyifu wa zamu, akafagia kisima miezi miwili watu wote wakimwona, na jina la Mama Nyunyizi likazaliwa. Watu walianza kunyunyiziana kwa mzaha, kumcheka. Mzaha ukanoga ukawa msaada, msaada ukawa desturi. Kosa la mwaka ule ndilo ustaarabu wa mwaka huu.

"Na mji mzima mnajua?"

"Mji mzima. Ila mtoto haambiwi."

Minani aliegemea jembe. Alikuwa na miaka thelathini na minane na alikuwa mtu wa mwisho Mugoma kujua. Kisha wazo lingine likamjia, baya zaidi. Aibu ya mama yake ameichukua, ameiandika kwenye programu, na katika nchi tatu watu wanaibonyeza kila siku. Alikaa chini kati ya maharage.

Lakini penye kesi pana karatasi. Nakala ya hukumu iliyobaki barazani ilishaliwa na mchwa, hilo Danstan alilithibitisha kwa furaha ndogo. Lakini mshindi hupewa nakala yake, na mshindi alikuwa Evarista, ambaye alihamia Runazi, wilaya ya Biharamulo, miaka mingi iliyopita kwa mtoto wa kaka yake. Kabla ya kwenda Minani alipita kwa mama yake. Alizunguka sana, akaongelea mvua, akaongelea bei ya mbegu, mpaka Speciose akamwambia aseme alilokuja nalo. Alipolisema, mama yake aliweka mkono shavuni.

"Nenda," alisema. "Lakini uisome yote. Evarista husoma mwisho tu."

Kwa pikipiki, Hiace, na pikipiki tena, Minani akafika Runazi. Evarista alikuwa na kiduka cha chumvi, sabuni na viberiti, ajuza mwembamba mwenye macho ya kuhesabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ni wa Speciose. Una paji lake."

Alipoambiwa kilichomleta hakuuliza mara mbili. Alivuta sanduku la bati kutoka uvunguni, akatoa nailoni, ndani ya nailoni bahasha, ndani ya bahasha hukumu, mhuri wa baraza bado wa zambarau. "Karatasi hii," alisema, "ndiyo inanifanya nisizeeke." Akaanza kusoma kutoka chini, kwenye neno hatia.

Minani aliomba aisome mwenyewe, tangu juu. Katibu wa baraza wa wakati ule, marehemu Matiasi, alikuwa mtu ambaye L na R kwake ni mapacha, ukimwita mmoja anaitika mwingine. Na katikati ya ukurasa wa pili, kwa mwandiko wake wa kulala, aliandika hivi: *Mdaiwa anasema hakunyunyiza yeye, arikuwa shambani. Anasema mtoto wake mdogo Minani, miaka mitatu, ndiye arimwaga maji, na hakutumwa na mtu. Baraza rimecheka. Baraza harikuamini.*

Alisoma mara ya pili. Evarista alikuwa amegeuka, anapanga sabuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Mama, ni kweli? Ni mimi?"

"Karatasi imesema baraza halikuamini."

"Sikuulizi karatasi."

"Nina wateja," alisema Evarista. Hakukuwa na mteja.

Minani alipiga picha hukumu, akaituma. Wakili Keza alipiga simu akicheka na kulia kwa pamoja, maana hapo ndipo kifungu cha tisa kilipolala kizima: mtu mwingine, mwenyewe hayupo, hana habari, mwaka 1989, na mhuri. Minani alirudi Mugoma akijiona ameshinda. Aliwasagia wateja watatu bure, jambo ambalo bado wanamkumbusha.

Wiki moja baadaye Orvelin walijibu. Kurasa kumi na moja. Ukurasa wa sita ulisema kwamba neno *arimwaga* halimo katika kamusi yoyote ya Kiswahili waliyoipata, kwa hiyo haijulikani mtoto alifanya nini. Hilo Keza alilimaliza kwa aya moja. Lakini kuanzia ukurasa wa saba mawakili wale waliisifu hukumu ya Baraza la Kata kwa maneno ambayo baraza lenyewe halijawahi kusifiwa nayo. Chombo halali, walisema, karibu na matukio, kilichowasikiliza mashahidi. Na chombo hicho kilikataa kwamba mtoto alihusika. Kwa hiyo aliyenyunyiza ni mwenye ngata mwenyewe, na kifungu cha tisa kinahusu mtu mwingine. Kwa ufupi, kampuni ya watu elfu tisa ilikuwa imetumia kurasa tano kuthibitisha kwamba Mama Speciose wa Mugoma ni mwongo.

Zilikuwa zimebaki siku sita. Minani alitoa ile karatasi ya kusaini iliyokuja na barua ya kwanza, akaiweka mezani. Alisema heri yaishe. Programu ataandika nyingine. Hawezi kuacha watu wasiomjua mama yake wamjadili kwa Kiingereza. Adelfina alitoka, akarudi na mama mkwe wake.

Speciose aliketi, akauliza hao watu wanasema nini.

"Wanasema ulinyunyiza mwenyewe, mama."

"Hao wako wapi?"

"Ng'ambo. Mbali sana."

"Na huko nako Evarista alifika?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Speciose aliinua karatasi ya kusaini, akaigeuza, ingawa alikuwa hajui Kiingereza hata cha salamu.

"Ukisaini hapa, utakuwa umesema nini?"

"Kwamba wazo ni lao. Kwamba jambo hili kabla yao halikufanyika."

"Kwamba hukumwaga maji."

"Ni… ndiyo. Kwa namna fulani, ndiyo."

"Nilifagia kisima miezi miwili nikisema ni mtoto," alisema Speciose. "Kila aliyekuja kuchota nilimwambia, na kila mmoja alicheka. Sasa mtoto mwenyewe amekuwa na ndevu, anataka kusaini kwamba si yeye." Aliinuka. "Kesho tunakwenda Runazi."

Minani alijaribu kutaja umbali, vumbi, na mgongo wake. Kesho yake alfajiri mama yake alikuwa barabarani kabla yake, na kanga mpya.

Pale kidukani Runazi walikuta wateja wawili. Minani alitaka kuwapita aseme wana jambo la dharura. Speciose alimshika mkono, akasimama nyuma ya mteja wa pili. Evarista alimwona. Aliuza kiberiti kwa mtu aliyeomba sabuni, akabadilisha, akakosea tena. Mstari ukaisha.

"Nataka chumvi ya robo," alisema Speciose. "Na ukweli, kama bado unao."

Evarista alipima chumvi, akaifunga, akaisogeza.

"Alikuwa na kikopo cha maziwa ya unga," alisema, macho kwenye chumvi. "Kimeshika kutu pembeni. Alikuwa anamwagia ngata zote, anaongea nazo. Alipofika kwenye yako maji yakabaki mengi, akaimwagia yote. Hakuwa amevaa suruali."

Minani aliona haya kwa ajili ya yule mtoto, akafunga kifungo cha koti.

"Utayasema hayo kwa kiapo?" aliuliza.

"Na ya suruali?"

"Hiyo si lazima, mama."

Lakini mbele ya kamishna wa viapo aliisema pia, na ikaandikwa, na Wakili Keza akaitafsiri, maana kiapo hakirukwi. Basi iko huko ng'ambo mpaka leo, kwenye jalada la kampuni ya Orvelin, kwamba mnamo Agosti 1989 mhuishaji wa alama alikuwa uchi kuanzia kiunoni kwenda chini.

Evarista alikuwa amekuja Ngara kwa siku moja ya kiapo. Speciose akasema haiwezekani mtu apite Ngara asifike Mugoma. Alipofika Mugoma akasema haiwezekani mtu aondoke bila kula maharage mapya. Wiki ya tatu bado yupo, wanagombana juu ya chumvi kwenye mboga, na kiduka cha Runazi kimeshikwa na yule mtoto wa kaka yake.

Barua ya Orvelin ilifika siku wanawake hao wawili wameketi uani wanamenya ndizi. Safari hii ilikuwa nusu ukurasa. Minani aliisoma kwanza kimoyomoyo. Kisha akawatafsiria polepole. Kampuni inaondoa madai yake yote juu ya programu iitwayo Ngata. Programu ibaki ghalani, kila mtu aitumie. Na kampuni haina tena pingamizi kwamba kitendo cha kunyunyiza kilitendwa na mtoto, bila mama yake kumtuma wala kujua.

"Rudia hapo," alisema Speciose.

Akarudia.

"Bila mama yake kumtuma wala kujua," Speciose alisema, akilisikiliza kila neno. "Wameandika wenyewe?"

"Wameandika na kusaini."

Adelfina alipiga kigelegele jikoni. Minani alitaka kucheka, kulia na kukimbilia mashineni kuwaambia watu, yote kwa mara moja, na miguu haikujua ianze na lipi. Mama yake hakushangilia. Alimenya ndizi moja akaimaliza, akaitia kwenye sufuria, ndipo akamgeukia mwenzake.

"Ulimwona. Ukakaa kwenye lile baraza siku nzima, ukanyamaza. Kwa nini, Evarista?"

Evarista aliendelea kumenya.

"Wewe ulikuwa na wanane," alisema. "Ukienda shamba, yupo wa kukuangalizia ngata. Hata yule asiyejua kuvaa suruali alikuangalizia. Mimi ndoo yangu ni mimi, jembe langu ni mimi. Ngata yangu ilikauka pale kisimani mara ngapi, nani aliiona?"

Utomvu wa ndizi ulikuwa umemganda vidoleni na aliusugua kwenye kanga bila kuutazama.

"Ungeniomba mmoja," alisema Speciose. "Wanane walikuwa wengi, Evarista. Ningekupa huyu."

Evarista aliweka kisu chini, akalia, na Speciose akamwacha alie. Minani, mtu mzima mwenye ndevu, aliona haya kwa kugawiwa mbele ya macho yake mwenyewe, lakini hakutoka.